Hodi kwa njia ya simu: Historia ya leseni za wauzaji na ulinzi wa mnunuzi

Mswahili akifika kwenye nyumba ya mtu, iwe Lamu, Muscat au London, hubisha hodi kabla ya kuingia. Ndani ya neno hilo moja mna mambo mawili. Kwanza, mgeni hujitambulisha: akiulizwa ni nani, hujibu kwa jina lake. Pili, mgeni hukubali kukataliwa: akibisha mara tatu na asikaribishwe, hugeuka akaenda zake bila kinyongo.

Simu haikuja na utaratibu huo. Kengele ikilia, mwenye nyumba ndiye anayeacha shughuli zake na kuitika, ilhali hajui ni nani aliye upande wa pili wala anataka nini. Wafanyabiashara waliligundua jambo hilo mapema, na matapeli hawakuchelewa kuwafuata.

Historia ya sheria zinazosimamia uuzaji kwa njia ya simu, hasa nchini Marekani ambako biashara hiyo ilipanuka kwa kasi kubwa, ni historia ya kumlazimisha mpigaji atimize masharti hayo mawili: ataje jina lake la kweli, na akubali kuambiwa hapana. Sharti la pili lilipata dawa, japo ilichukua miaka mingi. La kwanza lingali linawasumbua watunga sheria hadi leo.

Mji wa wafanyakazi wa reli

Mwanzo wa kisa hiki haukuwa simu bali mlango. Katika mji mdogo wa Green River, jimbo la Wyoming, wakazi wengi walikuwa wafanyakazi wa reli. Walifanya kazi usiku na kulala mchana, na wachuuzi waliopita nyumba hadi nyumba waliwakatiza usingizi. Mwaka 1931 baraza la mji huo lilipitisha sheria ndogo iliyotamka kuwa mchuuzi kwenda kwenye makazi ya mtu bila kualikwa ni kosa. Miji mingine mingi iliiga, na sheria za aina hiyo zikabaki zikiitwa kwa jina la Green River.

Wachuuzi walikwenda mahakamani. Mwaka 1951 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisikiliza kesi ya Jack Breard, aliyekamatwa katika mji wa Alexandria, Louisiana, akiandikisha watu kununua magazeti mlangoni kwao. Majaji walio wengi waliamua kwamba uhuru wa kusema haumpi mtu ruhusa ya kumlazimisha mwenye nyumba amsikilize. Kanuni hiyo, kwamba nyumbani ni mahali ambapo mtu ana haki ya kusema hapana, ndiyo iliyokuja kuzibeba sheria za simu nusu karne baadaye.

Hata hivyo, kwa muda mrefu sheria iliulinda mlango na kuisahau simu. Mwaka 1972 Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, ilitangaza kanuni ya kumpa mnunuzi siku tatu za kubadili nia yake iwapo alinunua kitu kwa mchuuzi aliyemfuata nyumbani. Mauzo yaliyofanyika tangu mwanzo hadi mwisho kwa simu hayakuingizwa katika kanuni hiyo. Aliyeuziwa uso kwa uso alikuwa na kinga. Aliyeuziwa na sauti asiyoijua hakuwa nayo.

Simu yawa rahisi

Zamani kupiga simu ya masafa marefu kulikuwa ghali, na gharama yenyewe ilikuwa aina ya ulinzi. Ulinzi huo ulianza kuondoka mwaka 1961, kampuni ya AT&T ilipoanzisha huduma ambayo mfanyabiashara alilipa ada ya mwezi na kupiga simu nyingi za masafa marefu bila kuhesabiwa moja moja. Kuanzia hapo, simu ya mia moja katika siku haikumgharimu muuzaji zaidi ya simu ya kwanza.

Ofisi za kuuza kwa simu zikachipuka kila mahali. Ndani yake watu walikaa kwenye meza zilizopangwa safu kwa safu, kila mmoja na simu yake, na mbele yake karatasi yenye maneno ya kusema tangu salamu hadi mnunuzi anapotaja namba ya kadi yake ya benki. Baadaye zikaja mashine zilizopiga namba zenyewe, na nyingine zilizocheza ujumbe uliorekodiwa bila mtu yeyote kusema.

Bunge la Marekani lilipolichunguza suala hili mwaka 1991, liliandika katika sheria yenyewe kwamba wauzaji zaidi ya 300,000 walikuwa wakiwapigia simu Wamarekani zaidi ya milioni 18 kila siku. Mauzo yaliyopatikana kwa njia hiyo mwaka 1990 yalifikia dola bilioni 435, zaidi ya mara nne ya yale ya mwaka 1984. Sehemu kubwa ya biashara hiyo ilikuwa halali: magazeti, bima, kadi za benki. Lakini chini ya kivuli chake ilikua biashara nyingine.

Mtu aliambiwa ameshinda gari, ila atume kwanza pesa za kodi na za kusafirishia. Mwingine aliuziwa vito ambavyo thamani yake haikufika hata sehemu ndogo ya bei aliyolipa. Wengine waliombwa sadaka kwa ajili ya mashirika ambayo hayakuwapo. Waliolengwa zaidi walikuwa wazee, wajane na watu wanaoishi peke yao, ambao wana akiba kidogo na wanafurahi kupata mtu wa kuzungumza naye. Aliyetapeliwa mara moja jina lake liliuzwa kwa matapeli wengine, kwa hoja kwamba aliyekubali jana atakubali na kesho. Wapo waliopigiwa tena na mtu aliyejidai anaweza kuwarudishia fedha zao, mradi walipe ada. Wazee wengi walinyamaza kwa aibu, wakiogopa watoto wao watasema hawawezi tena kujitunza.

Leseni, dhamana na karatasi ya maneno

Jibu la kwanza lilitoka kwenye majimbo. Katikati ya miaka ya 1980 California iliwataka wauzaji wa aina hiyo wajiandikishe kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo kabla ya kuanza kazi, na waweke dhamana ya fedha. Florida, jimbo lenye wastaafu wengi, lilipitisha sheria yake mwaka 1991, na sheria hiyo inaonyesha vyema jinsi leseni ilivyokusudiwa kufanya kazi.

Chini ya sheria ya Florida, kampuni inayotaka kuuza kwa simu huomba leseni katika idara ya jimbo ya kilimo na huduma kwa wanunuzi. Ada yake ni dola 1,500, na kila mpigaji simu naye huwa na leseni yake ya dola 50. Mwombaji hueleza kama amewahi kutiwa hatiani au kufilisika. Hukabidhi pia nakala ya maneno ambayo wapigaji wake watayasema. Kisha huweka dhamana ya dola 50,000, ili mnunuzi aliyedhulumiwa apate mahali pa kudai. Katika sekunde 30 za mwanzo, mpigaji lazima ataje jina lake la kweli, kampuni yake na anachouza.

Faida ya masharti hayo haikuwa ada inayoingia serikalini. Leseni iliipa sauti ya kwenye simu jina, anwani na mali inayoweza kushikwa. Dhamana iliufanya uongo uwe na bei. Na maneno yaliyokabidhiwa mapema yalimnyima muuzaji nafasi ya kusema baadaye kwamba kijana wake alijitungia.

Udhaifu wake ulionekana upesi. Leseni ya Florida ilimfunga zaidi yule aliyekuwa Florida na aliyekubali kujulikana. Tapeli aliyepiga simu kutoka jimbo la mbali hakuomba leseni, na mamlaka zilipomkaribia alifunga ofisi leo na kuifungua kesho kwa jina jingine. Taasisi nyingi pia zilisamehewa, zikiwamo benki na nyingine zilizokuwa chini ya sheria nyingine.

Katiba nayo iliweka mpaka. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ilizifuta sehemu za sheria ya jimbo la North Carolina iliyowataka wachangishaji wa kulipwa wapate leseni kabla ya kuomba michango, ikisema sheria hiyo iliwaweka katika hatari ya kusubiri bila kikomo kabla ya kuruhusiwa kusema. Ndiyo sababu mojawapo mashirika ya hisani yamekuwa yakitendewa tofauti na wauzaji wa bidhaa.

Serikali kuu ilianza kwa polisi. Mwaka 1993 wapelelezi wa FBI walijifanya wauzaji wa mashine za kupiga simu nyingi kwa mkupuo. Wenye ofisi za utapeli, wakitaka kujua kama mashine hiyo ingewafaa, waliwaeleza wenyewe namna wanavyowadanganya watu. Mwaka 1995 ikafuata operesheni nyingine, ambamo wapelelezi waliostaafu na wazee wa kujitolea walipokea simu za matapeli wakijifanya wahanga, huku wakizirekodi. Watu zaidi ya 400 walikamatwa.

Kati ya operesheni hizo mbili, mwaka 1994, Bunge lilipitisha sheria dhidi ya utapeli wa simu, likitaja makadirio ya hasara ya dola bilioni 40 kwa mwaka. Adhabu ziliongezwa, na aliyewalenga wazee aliweza kuongezewa kifungo cha hadi miaka 10. Kanuni za FTC zilizofuata mwaka 1995 zilimtaka mpigaji ajitambulishe na aseme wazi kwamba anauza, na kwamba mtu hahitaji kununua chochote ili apate zawadi. Simu zisipigwe kabla ya saa 2 asubuhi wala baada ya saa 3 usiku. Lakini serikali kuu haikuanzisha leseni ya taifa zima. Jambo hilo liliachwa mikononi mwa majimbo.

Daftari la wanaokataa

Sheria ya mwaka 1991 ilikuwa imempa mwananchi haki ya kuiambia kampuni isimpigie tena, na kuishtaki mahakamani ikirudia. Fidia ilikuwa dola 500 kwa kila simu, na iliweza kufika 1,500 iwapo kosa lilikuwa la makusudi. Tatizo ni kwamba ilibidi kumkataa kila muuzaji peke yake, na waliobaki walikuwa maelfu.

Ndipo lilipozaliwa wazo la kuligeuza suala lenyewe. Badala ya kumwuliza muuzaji kama ana ruhusa ya kupiga, serikali ingemwuliza mwananchi kama anataka kupigiwa. Florida ilikuwa miongoni mwa majimbo ya mwanzo kujaribu, na majimbo mengine yalifuata. Juni 27 mwaka 2003 FTC ilifungua daftari la taifa zima. Mwananchi alijiandikisha bure. Wauzaji ndio waliotakiwa kulipa ili wapate orodha ya namba wasizopaswa kuzigusa.

Watu walimiminika kwa kiwango ambacho wanasiasa hawakukizoea. Kabla ya Oktoba kufika, namba zaidi ya milioni 50 zilikuwa zimeandikwa. Wafanyabiashara walikwenda mahakamani, wakidai uhuru wao wa kusema unaminywa na kwamba ajira nyingi zingepotea.

Septemba 23 mwaka huo, jaji mmoja wa Oklahoma aliamua kwamba FTC haikupewa na Bunge mamlaka ya kuanzisha daftari hilo. Namba za simu za jaji huyo zikasambazwa katika intaneti, na simu zikamfululizia. Siku mbili baadaye Bunge lilipitisha sheria ya kuipa tume hiyo mamlaka: kura 412 dhidi ya 8 katika Baraza la Wawakilishi, na 95 bila ya kupingwa katika Baraza la Seneti. Siku hiyo hiyo jaji mwingine, wa Denver, alilisimamisha daftari kwa sababu tofauti: kwamba kuwazuia wauzaji na kuyaacha mashirika ya hisani ni ubaguzi katika uhuru wa kusema.

Mahakama ya rufaa ililimaliza shauri hilo Februari 2004. Majaji walisema serikali haimzuii mtu kusema. Inamsaidia mwenye nyumba kutekeleza uamuzi wake wa kutosikiliza. Daftari lilidumu. Kufikia mwaka 2021 lilikuwa na namba zaidi ya milioni 240, na kampuni kubwa zilizolipuuza zilijuta. Mwaka 2017 mahakama ya Illinois iliiamuru kampuni ya televisheni ya Dish Network ilipe dola milioni 280. Baada ya rufaa na mapatano, kiasi hicho kilipunguzwa mwaka 2020 hadi milioni 210.

Uingereza ilipita njia iliyofanana. Mfumo wake wa kuandikisha namba zisizotaka simu za biashara ulipewa nguvu ya sheria mwaka 1999. Januari 2019 nchi hiyo ilikwenda mbali zaidi katika suala la pensheni: kampuni nyingi zilipigwa marufuku kumpigia mtu simu asiyoiomba ili kumshauri juu ya akiba yake ya uzeeni.

Jina la uongo

Daftari liliwanyamazisha wauzaji wenye kuogopa sheria. Nafasi waliyoiacha ilichukuliwa na wasioiogopa. Simu zinazopita katika intaneti zilifanya iwezekane kupiga mamilioni ya simu kwa gharama ndogo kutoka nchi yoyote, na kuonyesha kwenye simu ya mpokeaji namba isiyo ya mpigaji. Mtu aliona namba ya mtaani kwake, au ya benki yake, akaitika.

Sheria ilifuata nyuma. Mwaka 2009 FTC ilipiga marufuku simu za mauzo zilizorekodiwa ikiwa mpokeaji hakutoa idhini ya maandishi, na mwaka 2010 Bunge lilikataza kughushi namba kwa nia ya kudhulumu. Faini zilikuwa kubwa katika karatasi. Mwaka 2019 gazeti la Wall Street Journal liliripoti kuwa kati ya faini za dola milioni 208 zilizotolewa tangu mwaka 2015 na Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, FCC, zilizokusanywa zilikuwa dola 6,790 tu. Mwaka 2023 tume hiyo ilitoa faini ya karibu dola milioni 300 kwa mtandao uliopiga simu zaidi ya bilioni 5 katika miezi mitatu ya mwaka 2021. Wawili miongoni mwa waliohusika walikuwa tayari wamepigwa marufuku ya maisha kufanya biashara ya kuuza kwa simu.

Kisa hicho kinaeleza mengi. Kumnyima mtu ruhusa hakusaidii ikiwa hakuna anayemzuia mlangoni. Kwa hiyo watunga sheria waliligeukia lango lenyewe, yaani kampuni za simu. Sheria iliyotiwa saini Desemba 2019 ilizitaka ziweke mfumo wa kuthibitisha kwa saini ya kielektroniki kwamba namba inayoonekana ndiyo iliyopiga. Tangu mwaka 2021 kampuni isiyojiandikisha katika daftari la FCC na kueleza inavyozuia simu za kitapeli hukataliwa simu zake na kampuni nyingine. Ni leseni ya aina yake, ila sasa anayebanwa si muuzaji bali anayempitisha.

Februari 2024 FCC iliongeza kwamba sauti iliyotengenezwa kwa akili bandia inahesabiwa kuwa simu ya mashine chini ya sheria ile ile ya mwaka 1991. Mwezi mmoja kabla yake, wapiga kura wa New Hampshire walikuwa wamepigiwa na sauti ya kughushi ya Rais Joe Biden ikiwataka wasipige kura.

Falme za Kiarabu zachagua leseni

Wakati Marekani ikihangaika na namba za uongo, Umoja wa Falme za Kiarabu, wenye wakazi wengi wazungumzao Kiswahili, uliirudia leseni kwa ukali. Kwa maamuzi ya Baraza la Mawaziri yaliyoanza kutumika Agosti 2024, kampuni haiwezi kuuza kwa simu bila kibali cha mamlaka husika, na lazima itumie namba zilizosajiliwa kwa jina la leseni yake ya biashara. Simu hupigwa kati ya saa 3 asubuhi na saa 12 jioni. Mteja akikataa katika simu ya kwanza, asipigiwe tena siku hiyo. Faini zinaweza kufika dirhamu 150,000. Mtu binafsi haruhusiwi kupiga simu za kutangaza bidhaa kwa kutumia namba yake mwenyewe.

Afrika Mashariki imeingia kwa mlango mwingine, wa kulinda taarifa binafsi. Kenya na Uganda zilipitisha sheria zao mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Badala ya kuanza na simu, sheria hizo huanza na swali la nani alikupa namba yangu. Septemba 2023 mamlaka ya Kenya iliitoza kampuni moja ya mikopo ya kwenye simu faini ya shilingi 2,975,000, baada ya watu kulalamika kuwa namba zao zilichukuliwa kwa wengine na kutumiwa kuwatumia vitisho.

Kwa msikilizaji aliye Dubai, Leicester au Minneapolis, historia hii ina funzo moja la vitendo. Leseni na madaftari humfunga yule tu anayekubali kujulikana. Ndiyo maana kujificha ndiyo dalili ya kwanza ya utapeli. Mpigaji wa halali akiulizwa jina lake, kampuni yake na namba ya leseni, hujibu, na haoni vibaya mteja akikata simu na kuipigia kampuni hiyo kwa namba aliyoitafuta mwenyewe. Anayesema nafasi itapotea mteja akikata simu huwa amekwisha kujibu swali la yeye ni nani.